Mtoto Anayezubaa Si Mkaidi: Somo la Ubongo Kutoka Maridi



Ndugu zangu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu, leo nataka kuzungumza nanyi jambo lililonikaa moyoni kwa miaka mingi. Sehemu yake ni kukiri kosa langu mwenyewe.

Wakati fulani nilikuwa nikisaidia kusomesha watoto katika madrasa moja hapa Juba. Tulikuwa na kijana wa miaka tisa hivi, mwenye sauti nzuri na hifadhi nzuri. Lakini alikuwa na tabia iliyonikera. Akiwa katikati ya aya, ghafla hunyamaza. Macho yanakodoa ukutani, midomo inachezacheza, kisha baada ya kitambo kidogo anaendelea, lakini si pale alipoachia. Nikimwita katika kitambo kile haitiki. Nikimuuliza baadaye kwa nini alinyamaza, anasema hakunyamaza. Nilimwona mkaidi na mwongo juu yake. Nilimchapa siku ya kwanza, na siku ya pili nikamchapa tena.

Siku ya tatu alikuja mama yake. Hakugomba. Alisema tu, "Ustadh, mwanangu hata nyumbani anafanya hivi, na akiwa na kijiko mkononi kinaanguka. Mtu hafanyi ukaidi na chakula chake." Maneno yale yalinikata. Mama yule baadaye alimpeleka kwa ndugu zake Kampala, akapimwa umeme wa ubongo, na daktari akawaambia kuwa ni kifafa. Si kile cha kuanguka na kutoka povu tunachokijua sote, bali aina ya kuzubaa. Alianza dawa, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu kuzubaa kule kukapungua mpaka kukaisha.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachoweza kuhusu ubongo. Ninaloliandika leo ni moja tu: tabia ya mtoto inatokana na mazungumzo yanayopita baina ya sehemu za ubongo wake, na mazungumzo hayo yakikatika, mtoto hubadilika bila kupenda. Kwa hiyo tusimhukumu mtoto kuwa ni mkaidi, mzembe, au ana jini, kabla hatujamwuliza daktari.

Ubongo ni mji wenye barabara

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4 hivi, ambao ni kama asilimia 2 tu ya mwili. Hata hivyo unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu yote ya mwili ukiwa umepumzika. Ndani yake mna chembe za neva takriban bilioni 86, na kila moja imeungana na maelfu ya nyingine.

Zamani wataalamu walidhani kila kazi ina chumba chake. Mwaka 1861 daktari wa Paris, Paul Broca, alimchunguza mgonjwa aliyekuwa hawezi kutamka ila silabi moja tu, "tan". Alipofariki, Broca akaonyesha kuwa ubongo wake umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Tangu hapo watu wakaanza kuuchora ubongo kama ramani ya nyumba: hapa chumba cha kusema, pale chumba cha kuona, kule chumba cha kukumbuka.

Vyumba hivyo vipo kweli, lakini chumba peke yake hakifanyi kitu. Mwaka 1924 daktari wa Kijerumani, Hans Berger, alifanikiwa kupima umeme wa ubongo wa binadamu kutoka juu ya kichwa, na akauchapisha utafiti wake mwaka 1929. Watu wakaona kuwa ubongo una mawimbi. Mwaka 1995 Bharat Biswal na wenzake huko Marekani waliwapiga picha za ubongo watu waliolala kimya bila kufanya lolote. Wakakuta kuwa sehemu ya kushoto na sehemu ya kulia zinazoongoza mikono zinapanda na kushuka pamoja, kama watu wawili wanaosemezana, ingawa mikono yenyewe imetulia. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wakaeleza kundi la sehemu ambazo hufanya kazi zaidi mtu anapopumzika, anapowaza mambo yake na kukumbuka yaliyopita. Siku hizi watafiti hawaulizi tu "sehemu hii inafanya nini?" bali pia "sehemu hii inazungumza na nani?"

Mchukue mtoto anayesoma aya. Herufi anaziona kwa sehemu ya nyuma ya ubongo. Matamshi yanapangwa upande wa kushoto. Kumbukumbu mpya inahitaji sehemu ndogo iliyo ndani, ubavuni mwa kichwa, iitwayo hipokampasi. Kujizuia asicheze na jirani yake ni kazi ya sehemu ya mbele. Ulimi na midomo vinasubiri amri kutoka sehemu nyingine. Katikati kabisa kuna kituo kiitwacho thalamasi, kinachopokea na kupeleka habari kama stendi ya mabasi. Hakuna chumba kimoja cha kusomea Qur'ani. Ni safari nzima, na inapita kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Sisi wa Juba tunaelewa haraka jambo hili. Nyanya na vitunguu vingi vya Konyokonyo vinatoka Uganda, kwa barabara ya Nimule, kilomita 192. Barabara ile ikifungwa siku mbili, soko linakuwa tupu. Mgeni atasema soko hili ni bovu. Mwenyeji atasema soko ni zima, barabara ndiyo yenye tatizo. Ndivyo ilivyo kwa mtoto. Mara nyingine akili yake ni nzima, ila njia ya kupitia ndiyo iliyokatika.

Kifafa ni nini basi?

Tubaki pale pale Konyokonyo. Asubuhi soko lina kelele, lakini ni kelele yenye maana. Huyu anauza samaki kwa Kiarabu cha Juba, yule anapatana bei kwa Kibari, wa tatu anamwita mteja kwa Kiswahili. Kila mmoja ana lake, na kazi inakwenda. Sasa fikiria soko zima, watu wote kwa mara moja, wanaanza kupiga kelele ya neno moja kwa pigo moja. Kelele itakuwa kubwa zaidi, lakini hakuna atakayenunua wala kuuza. Hicho ndicho kifafa. Chembe nyingi za ubongo zinapiga pamoja kwa wakati mmoja, na mazungumzo yanakufa.

Kelele hiyo ikianzia sehemu moja tu, pengine mkono mmoja tu utatikisika, au mtoto atasikia harufu isiyokuwepo. Ikienea ubongo mzima ataanguka. Na ikishika mzunguko baina ya thalamasi na tabaka la juu la ubongo kwa sekunde kumi au ishirini, mtoto atazubaa, kisha atarudi asijue kama aliondoka. Huyo ndiye yule mwanafunzi wangu. Hakuniongopea. Alikuwa hayupo.

Maridi, Mahenge na Kitgum

Pengine utasema, hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. La, ndugu yangu. Moja ya mafumbo makubwa ya ubongo duniani liko nchini mwetu, magharibi ya Juba, katika Ikwatoria ya Magharibi. Tangu miaka ya 1990 zilikuja habari za watoto wa Mundri na Maridi wanaotikisa kichwa. Mtoto mzima, wa miaka mitano hadi kumi na mitano hivi, anaanza kuinamisha kichwa mara kwa mara kama mwenye usingizi, hasa chakula kinapowekwa mbele yake au kunapokuwa na baridi. Baadaye wengi wao wanaanguka kifafa, wanadumaa, wanashindwa masomo, na tabia zao zinabadilika.

Daktari mmoja mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alikwisha kuyaona hayo Mahenge, kusini mwa Tanzania, katika miaka ya 1960. Wenyeji wa kule waliyapa jina kwa Kiswahili: amesinzia kichwa. Kaskazini mwa Uganda, katika wilaya za Kitgum na Pader, watoto wengi walipatwa na ugonjwa huo huo, na mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani liliitisha mkutano wa wataalamu wa ugonjwa huu mjini Kampala.

Wataalamu walipopima umeme wa ubongo wa watoto hawa, waligundua kuwa kule kuinamisha kichwa ni kifafa chenyewe: kwa nukta chache ubongo unaacha kuishika shingo. Picha za ubongo huko Tanzania zilionyesha kuwa baadhi yao wana kasoro katika hipokampasi, ile sehemu ya kumbukumbu. Huko Uganda picha zilionyesha ubongo uliosinyaa, pamoja na ubongo wa nyuma unaosaidia mwili kujisawazisha. Basi ndiyo maana mtoto anasahau, anajikwaa, anakasirika bila sababu. Si malezi mabaya ya mama yake.

Sababu yake wanasayansi bado wanaijadili, lakini njia zote zinaelekea mtoni. Mahali penye ugonjwa huu pana usubi, wale inzi wadogo wanaozaliana kwenye maji yanayokwenda kasi, na wanaobeba mnyoo unaoleta upofu wa mtoni. Mwaka 2017 watafiti walitoa hoja kwamba huenda askari wa mwili wanaopigana na mnyoo huo wanaishambulia pia protini fulani iliyomo ndani ya chembe za neva, kwa sababu zinafanana. Wengine hawajakubali hoja hiyo. Lakini uhusiano wa mnyoo na kifafa umeonekana mahali pengi.

Mwaka 2018 watafiti walipita nyumba kwa nyumba Maridi na kuwafikia watu zaidi ya 17,000. Walikuta zaidi ya watu 4 katika kila 100 wana kifafa, na karibu na bwawa la Maridi kiwango kilifika mtu 1 kati ya 10. Usubi walikuwa wakizaliana pale maji yanapomwagikia kutoka bwawani. Kilichofanyika hakikuhitaji mitambo. Wanakijiji wenyewe walikata majani na matawi ambayo usubi hutagia mayai, na dawa ya Mectizan, yaani ivamektini, ikaanza kugawiwa mara mbili kwa mwaka badala ya mara moja. Usubi wakapungua sana, na watoto wapya wanaopatwa na kifafa wakapungua pia.

Tafakari jambo hili, ewe mwanafunzi. Jani linakatwa bwawani, na mtoto anasalimika darasani. Kama wazee wa Maridi wangebaki kusema ni laana tu, panga lisingeshikwa.

"Lakini si ni majini?"

Najua swali hili linakuja, na sitaki kulikwepa. Muislamu anaamini kuwa majini wapo. Lakini kuamini kuwa wapo si ruhusa ya kumbandika kila mgonjwa jina hilo. Madaktari wakubwa wa Kiislamu hawakufanya hivyo. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha Qanuni alikiweka kifafa miongoni mwa maradhi ya kichwa, akaeleza dalili zake na matibabu yake. Neno la Kiarabu tunalolitumia hapa Juba, sar', ni neno la madaktari pia, si la waganga tu.

Na katika Bukhari na Muslim mna kisa, kwa mapokezi ya Ibn Abbas, cha mwanamke aliyekuwa akianguka. Alimwendea Mtume (S.A.W.) akamshtakia hali yake, na kwamba anapoanguka mwili wake hufunuka. Akapewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira, lakini akaomba aombewe dua asifunuke. Akaombewa.

Baadhi ya watu wanakitumia kisa hiki kukataa dawa. Mimi naona wamekielewa vibaya. Yule alikuwa mtu mzima aliyejichagulia mwenyewe. Mtoto wa miaka mitano hawezi kuchagua kuangukia kwenye jiko la mkaa. Na ni Mtume huyo huyo aliyetuamrisha kujitibu. Tazama pia alivyotendewa. Hakupigwa, hakufungwa kamba, hakufichwa ndani. Alisikilizwa, na lililomwumiza zaidi, yaani heshima yake, ndilo lililoshughulikiwa. Baada ya miaka Ibn Abbas alimwonyesha kwa mwanafunzi wake kuwa ni mwanamke wa Peponi. Maana yake aliishi katikati ya watu, na watu wakimjua. Watoto wetu wenye kifafa wangapi wanajulikana hata na majirani?

Kisomo cha Qur'ani na dua vina nafasi yake, na hakuna anayewazuia. Ila anayemkataza mgonjwa kumeza dawa, au anayempiga ili "jini litoke", huyo anamdhulumu.

Tufanye nini?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 50 hivi wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata matibabu yanayofaa. Katika nchi maskini, robo tatu ya wagonjwa hawayapati. Huko kaskazini mwa Uganda, watoto wa kutikisa kichwa walipoanza kupewa dawa za kifafa mwaka 2012, karibu robo yao waliacha kabisa kupata kifafa katika mwaka mmoja, wengine wengi wakapungukiwa, tabia zikatulia, na wengi wakarudi shule. Basi yafuatayo yako katika uwezo wetu:

1. Mtu akianguka, mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, mwondolee vitu vya hatari, tazama saa. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Usimkandamize. Kifafa hakiambukizi, wala mate yake hayana sumu. Ikipita dakika tano hajatulia, mkimbize hospitali.

2. Dawa humezwa kila siku, hata akiwa mzima. Kuikatisha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokoma, na hicho kinaua. Mwanamke anayetarajia kuolewa au kushika mimba amwambie daktari mapema, kwa sababu baadhi ya dawa zina madhara kwa mtoto tumboni.

3. Ramadhani inapokaribia, mgonjwa amwone daktari kabla ya kufunga. Wengine wanaweza kupangiwa dawa wakati wa daku na futari. Wengine hawawezi, na hao dini imewapa ruhusa. Kukesha pia huchochea kifafa, kwa hiyo usingizi ni sehemu ya tiba.

4. Walimu wa shule na wa madrasa, mtoto akizubaa mara kwa mara, usianze na fimbo. Andika ni saa ngapi, ni muda gani, na alikuwa akifanya nini. Karatasi hiyo mpe mzazi aende nayo kwa daktari. Ingemsaidia mwanafunzi wangu kuliko fimbo zangu zote.

5. Tukinge kinachokingika. Malaria ya ubongo, uti wa mgongo, uzazi uliochelewa kusaidiwa na ajali za bodaboda vyote huweza kuacha kifafa nyuma. Na wala tusijidanganye kwamba minyoo ya nguruwe haituhusu kwa kuwa hatumli. Mayai ya mnyoo huo hutoka katika choo cha mtu aliye nao, yakaingia katika maji na mboga anazokula yeyote. Kunawa mikono na kuosha mboga kwa maji safi ni kinga ya ubongo.

Najua mtu atasema: dawa ni ghali, hospitali ni mbali, na mara nyingine ukifika dawa haipo. Ni kweli, na mimi mwenyewe nimeshatumwa kutafuta dawa mji mzima nikarudi mikono mitupu. Lakini hapo ndipo jamaa inapohitajika. Tunachangia arusi, tunachangia matanga. Kwa nini msikiti usiwe na kisanduku kidogo cha dawa za kifafa, kwa kushauriana na daktari, ili familia inayokwama mwezi mmoja isilazimike kukatisha dawa? Hasa sasa ambapo tangu Aprili 2023 tuna ndugu wengi waliokimbia vita vya Sudan, na baadhi yao walikuja na wagonjwa wao bila dawa.

Na nyinyi wanafunzi wetu, wengi mliolelewa Kakuma, Nairobi na Kampala mkarudi na lugha nyingi vinywani, someni fani hii. Fumbo la Maridi halijafumbuliwa lote. Atakayelifumbua kwa nini asiwe mtoto wa hapa, anayeweza kuzungumza na mama wa mgonjwa kwa lugha yake, na kumsikiliza anaposema kuwa mtu hafanyi ukaidi na chakula chake?

Yule kijana nilimwomba msamaha mbele ya wenzake. Alicheka tu akaniambia, "Ustadh, mimi sikumbuki." Mimi ninakumbuka.

Tunamwomba Allah (SWT) awaponye wagonjwa wetu, awape subira wazazi wao, na atusamehe sisi tuliowadhulumu kwa kutojua. Amin.